Vipokezi vya damuni si sifongo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu sumu za bakteria imeeleza vizuri jinsi seli za kinga zinavyoshtuka, ila ilipofika kwenye vipokezi (protini zinazodaka vitu kama sumu) vinavyoelea katika damu ikateleza. Mwandishi amevifananisha na sifongo: vinafyonza sumu, seli zinatulia, mgonjwa anapona. Laiti ingekuwa hivyo.

Chukueni CD14. Mwaka 1990 ilibainika kwamba protini hii, iliyopachikwa kwenye utando wa seli za kinga ziitwazo monositi na makrofaji, ndiyo inayodaka lipopolisakaridi, sumu ya ganda la nje la bakteria wa Gramu hasi, kundi mojawapo kubwa la bakteria. Haina mkia unaopenya ndani ya seli, kwa hiyo yenyewe haipigi kengele. Hupokea sumu kutoka kwa LBP, protini nyingine ya damu, kisha huikabidhi TLR4, kipokezi kinachopenya hadi ndani ya seli, na mwenzake MD-2. Hao ndio wanaoiamsha seli ianze kumwaga TNF na saitokini nyingine, yaani protini zinazochochea uvimbe. 

Sasa, CD14 hiyohiyo huelea pia katika plazima (majimaji ya damu) ya mtu mwenye afya, mikrogramu kadhaa kwa kila mililita. Seli zinazotanda kuta za ndani za mishipa ya damu zina TLR4, lakini CD14 yao wenyewe ni haba mno. Kwa hoja ya sifongo, hizo zingekuwa salama. Kumbe CD14 inayoelea ndiyo inayozibebea sumu hadi mlangoni, nazo zinawaka! Huyo ni tarishi, na tarishi hachagui barua. Akiwa mwingi, huweza hata kuing'oa sumu kwenye monositi na kuipeleka kwenye lipoprotini, chembe zinazobeba mafuta katika damu, ambako makali yake hufifia. Protini ni moja; kinachobadilika ni kiasi chake, na seli iliyo karibu.

Nisingewasumbua kwa ajili ya tashibihi tu. Fikra ya sifongo iliwahi kupelekwa hadi wodini. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio la etanasepti, yaani kipokezi cha TNF kilichounganishwa na kipande cha kingamwili, kwa wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi hadi shinikizo la damu kuporomoka. Vifo havikupungua, na waliopewa dozi kubwa walikufa zaidi. Maelezo mojawapo ni kwamba kipokezi hicho hukamata TNF kisha huiachia baadaye: tarishi tena. Dawa hiyohiyo ikaja kuwafaa wenye baridi yabisi, ugonjwa usio na bakteria wa kupigana nao.

Mchoro wenu una mshale mmoja tu, kutoka kwenye sumu kwenda kwenye kipokezi, na hapo unakoma. Mkiuchapisha tena, ongezeni wa pili, unaotoka kwenye kipokezi kwenda kwenye seli.

Msomaji wenu