Barua ya wazi kwa mdogo wangu: spika zako ni nzima

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeweka mfumo wa Linux pembeni ya Windows kwenye kompyuta moja, sauti haitoki, na sasa unataka fundi aifungue kompyuta abadilishe spika. Nakuomba usimpelekee. Washa Windows upige wimbo wowote. Ukisikika, spika hazina kosa. Sauti inakwama njiani, na pa kukwama hapo tunaweza kupatafuta bila bisibisi.

Kwanza tujue kama Linux inaiona kadi ya sauti, yaani kifaa cha ndani kinachotoa sauti. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike aplay -l. Ikitaja kadi, kazi iliyobaki ni ndogo. Mara nyingi hutajwa pia HDMI, njia ya kupeleka sauti kwenye skrini ya nje. Mfumo ukiishika hiyo, wimbo unapigwa kama kawaida lakini spika za ndani hazipati kitu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague spika zenyewe.

Bado kimya? Andika alsamixer, bonyeza F6, uchague kadi yako. Hapa usiwe na haraka. Zitajipanga nguzo zenye majina: Master, Headphone, Speaker. Usidanganywe na nguzo iliyojaa hadi juu, angalia kisanduku cha chini yake. Kikiandikwa MM, njia imefungwa. OO, iko wazi. Sogea kwa mishale, bonyeza M kuifungua, na uzipitie zote, maana Master ikiwa wazi na Speaker imefungwa hutasikia kitu. Ukikuta Auto-Mute, izime ujaribu tena: pengine kompyuta inadhani umechomeka hedifoni.

Kadi isipotajwa kabisa, na mipangilio ikaonyesha Dummy Output (njia ya sauti ya bandia) peke yake, shaka yangu inahamia kwenye firmwea, programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe. Kompyuta nyingi mpya za Intel zinahitaji firmwea ya sauti iitwayo Sound Open Firmware. Inategemea aina ya Linux uliyoweka: kwenye Debian pakiti yake ni firmware-sof-signed, kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware. Isakinishe, kisha uwashe upya.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalitegemei: Windows yenye kuwaka haraka (Fast Startup) haizimiki kikamilifu, na inaweza kuiacha chipu ya sauti katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Shikilia Shift unapobofya Shut down, ndipo uingie Linux.

Ikigoma hata baada ya hapo, nitumie majibu ya aplay -l pamoja na modeli kamili ya kompyuta. Nitakaa nawe tuifuatilie mpaka ilie.

Kaka yako