Salamu za Mfungo Sita kutoka Langoni

Assalaam aleikum, jamaa na marafiki, wa karibu na wa mbali. Mwezi umeandama, Mfungo Sita umeingia, na vichochoro vya Lamu vinanukia udi tangu alasiri. Heri ya Maulidi kwenu nyote: mlioko Mombasa na Unguja, mlioko Ngazija kule Komoro, mlioko Muscat na London mkihesabu siku za likizo. Na nyinyi majirani zetu msio Waislamu, mliokula nasi pilau mwaka jana mpaka ukoko, salamu hizi ni zenu pia.

Naandika nikiwa barazani kwa shangazi. Mbele yangu vijana wanafanya mazoezi ya matari, na wana kasoro moja wasiyoijua: kila mmoja anataka tari lake ndilo lisikike. Mwalimu wao, mzee asiye na maneno mengi, amewanyamazisha mara ya tatu sasa. "Pigeni," kawaambia, "lakini ukiona humsikii mwenzio, ujue umezidisha." Wakaanza tena. Walau safari hii kaswida inasikika.

Vijana hawa wameyakuta matari msikitini, wakadhani yamekuwapo tangu mji kuumbwa. Kumbe yaliutia mji huu katika ubishi mkubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuja hapa kijana kutoka Ngazija, Sharifu Swaleh bin Alawi, huyu ambaye sote twamwita Habib Swaleh. Lamu aliyoikuta ilikuwa na pande zake. Mkomani kulikuwa na majumba ya mawe ya waungwana. Huku Langoni tulikuwa watu wa makuti: wageni, wavuvi, wachukuzi, watumwa na watoto wa watumwa. Elimu ya dini ilikuwa na milango yake, na si kila aliyebisha alifunguliwa. Yeye akaja akakaa na watu wa makuti, akawasomesha.

Kisha akaleta jambo lililowaudhi wakubwa. Watu walizoea Maulidi ya Barzanji, yasomwe kwa utulivu huku waalikwa wamekaa kwa heshima zao. Habib Swaleh akaingiza Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, kule Hadhramaut, na akayasoma kwa matari. Ngoma ndani ya msikiti! Mabishano yakawa makali, na kusema kweli hoja za waliopinga hazikuwa za kijinga. Hata leo wapo wanaozishika kwa nia safi. Lakini msikiti wake wa Riyadha ukasimama hapa Langoni mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1907, na mtu ambaye jana hakupewa nafasi hata ya nyuma akajikuta kwenye safu, magoti yake yamegusana na ya sharifu, wanaitikia beti moja.

Mimi nina shaka na watu wanaosema sanaa huunganisha watu, wakaishia hapo. Ngoma imetugawa sana sisi. Waulizeni wazee jinsi Mkomani na Langoni walivyoshindana kwa goma na kwa beni, mafumbo yakaruka kutoka mtaa hadi mtaa mpaka watu wa ukoo mmoja wakapitana bila salamu. Ninachokipenda katika kisa cha Riyadha ni kidogo kuliko hayo maneno makubwa: wale watu hawakuambiwa waache ngoma zao nje ndipo waingie. Waliingia nazo, na mabishano yakaingia nyuma yao, yakaketi.

Ndiyo maana mwaka huu, pamoja na zefe la kuzunguka mji, goma mbele ya msikiti, kirumbizi cha fimbo, na mbio za punda na mashua (hizo hazihitaji maelezo yangu, punda hujieleza wenyewe), mimi nawakaribisha barazani zaidi. Mwaka jana alikuja hapa kijana wa Kikamba anayejifunza nakshi za milango kwa fundi mmoja wa mjini. Alikaa kutazama bao, akafungwa mara mbili, kisha akauliza alichokuwa nacho moyoni siku nyingi: mbona hamchongi twiga wala mtu? Fundi akamweleza habari za sura na dini, taratibu, bila kumdharau. Kijana naye akaeleza jinsi kwao uchongaji ulivyoenea kutoka kwa Mutisya Munge, askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika. Shangazi, aliyekuwa akikuna nazi na kujifanya hasikii, akainua kichwa: "Kumbe na huo mlichukua pwani! Basi wewe si mgeni, umekuja kurudisha deni." Tulicheka mpaka kete zikamwagika.

Tusijidanganye, kicheko kimoja hakijafuta kitu. Tangu damu ilipomwagika Mpeketoni mwaka 2014, watu wa kaunti hii wa asili mbalimbali wamejifunza kutazamana kwa hadhari, na suala la ardhi bado liko palepale. Halitatatuliwa kwa halua. Lakini kijana yule amekuwa akija kila Ijumaa baada ya kazi, na siku hizi yeye na fundi hubishana juu ya bei za ardhi kwa sauti ambayo zamani wasingethubutu kuitumia.

Basi karibuni. Mwenye sauti alete sauti, mwenye zumari alete zumari, na jirani mwenye kayamba asiliache nyumbani kwa kutuonea haya. Mrashi umejaa, chetezo kimepata makaa, na wasichana wamekwisha kusaga hina. Atakayetoka mbali ajitahidi kufika Mokowe, gatini upande wa bara, kabla ya magharibi, boti zisimkimbie. Zikimkimbia apige simu, ataletwa. Shangazi anasema mkate wa mofa utakuwapo, ila bao halichezwi kabla ya watu kula, maana mwaka jana mchuzi ulipoa.

Ndooni.