Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Baridi Yabisi kwa Mgeni Rasmi, Nairobi

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, wauguzi, wafamasia, wanachama na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Katika kila mkutano wetu swali moja hurudi: je, dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ambazo mgonjwa wa baridi yabisi hutumia miaka nenda miaka rudi, huleta saratani?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Baridi yabisi, hata bila dawa, huongeza uwezekano wa kupata limfoma, yaani saratani ya mfumo wa tezi za limfu, takriban maradufu, na hatari huzidi kwa yule ambaye viungo vyake vimevimba miaka mingi bila kutulizwa. Kwa hiyo anayetupa dawa kwa kuhofia saratani hajajikinga.

Dawa nazo hazilingani. Azathioprini huongeza hatari ya limfoma na ya saratani ya ngozi. Siklofosfamidi, inayotolewa ugonjwa ukishambulia mishipa ya damu au mapafu, huacha sumu katika mkojo inayochoma kibofu na huweza kukiletea saratani. Ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Damu katika mkojo, hata miaka mingi baada ya kuiacha, ni ya kuchunguzwa mara moja. Kuhusu tofasitinibu, kidonge kingine cha kutuliza kinga, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 uliwafuatilia wagonjwa wa miaka 50 na zaidi wenye hatari ya maradhi ya moyo: asilimia 4.2 ya walioitumia walipata saratani, dhidi ya asilimia 2.9 ya waliotumia dawa za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe. Saratani ya mapafu iliwaandama hasa wavutaji sigara. Mvutaji aache, na daktari amtafutie dawa nyingine kwanza.

Methotreksati, ambayo wengi wetu tunaitumia, haijathibitika kuongeza saratani kwa jumla. Mara chache hutokea limfoma ambayo huweza kusinyaa dawa ikisimamishwa, kwa hiyo tezi iliyovimba shingoni au kwapani isipuuzwe. Hatari iliyo karibu zaidi ni kosa la kipimo. Miligramu 15 ni vidonge 6 vya miligramu 2.5, vyote siku moja ya wiki. Bahasha ikiandikwa 1x3 kwa mazoea, mgonjwa atavinywa kila siku: mdomo utajaa vidonda, uboho utashindwa kutengeneza damu, na anaweza kufa.

Akina mama wana jambo lao. Kinga ikipungua, virusi vya HPV hukaa mwilini muda mrefu na kuharibu mlango wa kizazi. Wengi wetu hupimwa ini na damu kila baada ya miezi michache, lakini mlango wa kizazi hakuna anayeuliza. Hili linatuuma, kwa sababu mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Kliniki za viungo ziwapime wanawake HPV papo hapo, kwa ratiba ile ile ya wanaoishi na VVU. Bahasha ya methotreksati iandikwe jina la siku, kwa mfano "Jumapili tu". Na gharama ya kupima damu na ini iingizwe katika bima ya afya ya jamii pamoja na dawa yenyewe, maana mwenye kununua dawa bila kumudu kipimo hunywa gizani.

Tunakukabidhi risala hii kwa heshima. Ahsante.