Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: simba, lenzi ndefu na faini yangu

Kamwene wanachama wote wa chama chetu cha kupiga picha simba na paka wenzake wa porini, wa Iringa mjini, wa Mafinga, na nyie wa Mbeya mnaokujaga na basi la alfajiri mkifika hapa mmeshachoka kabla kazi haijaanza. Katibu kanisumbua mwezi mzima nimuandikie taarifa, nimeiandika jana usiku umeme umekatika, naandika kwa simu betri inaelekea kuisha, kwa hiyo mkikuta makosa mjue chanzo.

Nianze na ya haraka haraka. Mwaka tumeuanza tukiwa 23, wawili wamehama kikazi, wapya wamekuja sita, tumebaki 27. Ada wengi wamelipa isipokuwa wale wale, mhazini ana majina na ana kalamu nyekundu, mimi hapo simo. Kamera ya chama iliyokuwa imekufa shata, kile kifuniko kinachofunguka na kufunga ukipiga picha, imetengenezwa na inafanya kazi. Mengine ya hela atasoma mwenyewe, na ninawaomba mkimuuliza maswali msimuulize wote kwa pamoja.

Sasa hifadhi ya Ruaha, maana najua ndiyo mnayosubiri. Tulienda mara mbili. Ya mwezi wa tatu mimi nilisema tusiende, mkapiga kura tuende, tukaenda. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko mlango wa gari, siku mbili nzima tumeona masikio mawili ya simba na ncha ya mkia, mtu mmoja alipiga picha 140 za masikio yale yale na akatutumia zote. Sisemi kitu. Ila mwaka huu mpya kalenda nitaipanga mimi na nitaipanga kiangazi.

Ya mwezi wa tisa ndiyo safari. Kwa wapya, hifadhi iko kama kilomita 130 kutoka hapa mjini, bonde la Usangu lilipoongezwa 2008 ukubwa wake ulivuka kilomita za mraba 20,000, na inakadiriwa simba mmoja katika kila kumi waliobaki duniani yuko ukanda huu wa Ruaha na Rungwa. Yaani watu wanapanda ndege mbili tatu kuja kumuona, na kuna mtu amezaliwa hapa hapa Kihesa ana miaka 50 anamjua simba kwa noti ya elfu mbili tu. Hilo ndilo lililotufanya tuanzishe hiki chama, na naona mpaka leo halijaisha.

Kabla ya safari tulifanya zoezi la paka wa nyumbani, lile ambalo wengi mlilicheka. Nilisema kila mtu akampige picha paka, alale chini kifudifudi, kamera iwe usawa wa macho ya paka, asiite pspsps, asirushe nyama, asubiri. Wengi mkaenda kwa yule paka wa buchani Mlandege, mwenye bucha akadhani ni watu wa afya wamekuja kumkagua. Lakini kiukweli aliyefanya lile zoezi vizuri ndiye aliyerudi na picha Ruaha, maana paka ni paka, ukimfuata anaondoka, ukikaa anakusahau, akikusahau ndiyo anakuja. Tofauti moja niliyowaambia mkaangalie ni mboni, paka wa nyumbani juani mboni yake inakuwa mstari kama kisu kimesimamishwa, ya simba inabaki duara hata jua liwe kali vipi. Mlibisha. Subirini.

Tulilala Msembe kwenye mabanda ya hifadhi, asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuko barabarani, kwenye saa moja tukawakuta simba jike watatu kando ya Mwagusi, ule mto wa mchanga, tembo walikuwa wameshachimba visima vyao vya maji na kuondoka. Wale simba walikuwa chini ya kimti hivi, kama mita sitini kutoka barabarani. Basi gari zima likaanza, dereva sogea, dereva kata kidogo tu hapo kwenye nyasi, hakuna mtu anaona. Dereva akakataa. Kuacha barabara hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, gari linalomfuata simba linapata picha ya makalio ya simba. Akazima injini, na hilo nalo wapya mlishike, injini ikiwaka gari linatetemeka na lenzi ndefu inatetemeka nalo, unaweza kuweka shata sehemu moja ya elfu ya sekunde na bado picha ikatoka ina ukungu. Tukalaza lenzi juu ya mifuko ya mchele, tukakaa.

Hapa niseme neno la pembeni. Ile mifuko mimi mwenyewe ndiye niliyeijaza, mchele wa Mbarali, huko huko bonde la Usangu, kilo tatu tatu, maana haubanduki na lenzi inatulia juu yake kuliko stendi yoyote. Sasa nimekaa pale nauwaza mto Ruaha wenyewe, tangu miaka ya 90 ule mto unakauka ndani ya hifadhi kila kiangazi kwa sababu maji mengi yanaishia kule juu Usangu kwenye mashamba ya mpunga, ndiyo maana wanyama wote wanabanana kwenye vidimbwi vichache na kwenye mito ya mchanga kama huu, na ndiyo maana sisi tunawaona kirahisi. Halafu mkono wangu umelala juu ya mchele. Niliona niwaambie, sina la kuongezea.

Tulikaa karibu masaa matatu. Mbung'o walitula, hasa yule aliyekuja na fulana ya bluu wakati katibu aliandika kwa herufi kubwa kwamba bluu na nyeusi zinawaita mbung'o. Watu wakaanza kula maandazi, wengine wakalala. Kama saa nne kasoro jua likakipita kile kimti, majani yenyewe hayakuwepo, kivuli kikaisha. Simba mmoja akanyanyuka, akajinyoosha, akaangalia huku na huku, na kivuli kilichokuwa karibu ni kimoja tu. Cha gari letu.

Alikuja anatembea polepole kichwa kiko chini, hatuangalii kabisa, akafika akajitupa pale ubavuni mwa gari, puu, tukausikia ule mshindo kwenye viti. Aisee. Mlango na simba, katikati hata mita moja na nusu haifiki. Na hapo ndipo wote wenye lenzi kubwa tulipoumbuka, maana hizi lenzi zetu za milimita 150-600 zinataka kitu kiwe mbali zaidi ya mita mbili ndiyo zifokasi, karibu ya hapo zinahangaika tu mbele nyuma mbele nyuma, vzii vzii. Watu sita na lenzi za mamilioni, simba yuko miguuni, hamna hata mmoja anayepata picha. Mnakumbuka ndio sisi tuliokuwa tunamlilia dereva asogee.

Mimi nikapata akili ya kijinga. Nikapanda juu ya kiti nikatoa kifua chote nje ya paa ili niwe mbali naye kidogo lenzi ifokasi. Sheria namba nne ya chama, mtu asipande kiti wala asitoe mwili nje ya gari, niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu gari na watu walio ndani simba anaviona kama dude moja, ila mtu akichomoza anakuwa mtu. Yule simba aliinua kichwa, masikio yakalala nyuma, ncha ya mkia ikaanza kupiga chini. Dereva akaninong'oneza bila kugeuka, mzee wangu, shuka taratibu. Nikashuka taratibu. Magoti yalikuwa yanacheza ngoma yake. Faini ya elfu kumi nimelipa, risiti anayo mhazini, na ninaomba isirudiwe kutajwa kwenye mengineyo.

Picha aliipata yule kijana wetu mdogo kuliko wote, yule anayelipia ada kwa mafungu, na simu yake ya Tecno, flashi imezimwa, kioo cha dirisha kimeshushwa kiasi cha vidole vinne, mkono wake uko ndani. Jicho moja. Rangi ya asali mbichi, mboni duara kamili, nzi wawili kwenye kona ya jicho, na ndani ya mboni ukiikuza unaliona gari letu na anga. Chini yake vile vitone vyeusi ambako sharubu zinatokea. Tumeisafisha tumeitundika ofisini, waliobisha kuhusu mboni wapite wakaangalie.

Na vile vitone siyo pambo. Mpangilio wake kwa kila simba ni tofauti, watafiti wamekuwa wakiwatambua simba kwa njia hiyo tangu miaka ya 70, kwa hiyo picha ya uso iliyotulia ya pande zote mbili ina maana kuliko picha ya simba anapiga miayo. Tumeanza albamu yetu, mpaka sasa ina nyuso tano, safari ijayo nataka muache kukimbilia miayo.

Lawama moja. Siku ya mwisho tulimpata chui juu ya mbuyu, amelala mkia unaning'inia, tumekaa dakika kumi tu, likaja gari lingine, kampuni siitaji, likaacha barabara likaenda mpaka chini ya mti, abiria wanapiga kelele, chui akashuka upande wa pili akapotea. Walipata picha moja ya mkia, sisi hatukupata kitu. Nililipeleka hilo linakohusika. Halafu jioni mwenzetu mmoja akaweka status eti mtoto wa chui, jamani yule ni kanu, kale kamnyama kadogo ka madoadoa, na kanu siyo paka, wala fungo siyo paka. Mkitaka kushangaa, fisi yuko karibu na paka kuliko mbwa kwenye ukoo wao, nendeni mkasome. Paka wadogo wa porini tunaowatafuta ni mondo, simbamangu na kimburu, na mpaka leo hakuna mwanachama mwenye picha nzuri ya simbamangu. Atakayeileta namsamehe ada ya mwaka, kutoka mfukoni mwangu.

Wakati wa kurudi tulisimama kijiji kimoja nje ya hifadhi kunywa chai. Mzee mmoja mfugaji akaangalia zile picha kwenye vioo vya kamera na ile simu, akakaa nalo lile jicho muda mrefu, akasema nyie mnalipa kwenda kumuona, mimi anakuja nyumbani kunilipisha. Ng'ombe wawili mwaka huo. Hatukuwa na jibu. Vijiji vya pembezoni mwa Ruaha kuna mradi wa wanyama wala nyama ulioanza 2009, wanakijiji wenyewe wanategesha kamera porini, kila mnyama akinaswa na kamera kijiji kinapata pointi, na pointi zinageuka vifaa vya shule, huduma za afya na dawa za mifugo. Yaani picha ya simba inalipa upande ule ambao simba anakula. Napendekeza sisi tukiuza zile kadi za picha, sehemu ya hela iende kwenye kijiji tulichonywea chai, mjadili kwenye mkutano, najua mhazini atakunja uso.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne, siyo saa nne ya Kiafrika. Uchaguzi upo, mimi nagombea tena, anayetaka kiti achukue fomu kwa katibu. Ulanzi ni baada ya mkutano, mwaka jana tulianza nao na mnajua kilichotokea kwenye kuhesabu kura.

La mwisho, mifuko ya mchele ipo kwangu stoo, miwili panya wameitoboa. Mwenye cherehani apite aichukue, ila aje na mfuko wake wa kubebea, maana inavuja.