Barua kwa mwanangu anayekwenda kisiwa cha Mwali, Komoro

Mwanangu Neema,

Habari za kibali chako zimefika. Alhamisi kwenye maombi akina mama walipiga vigelegele, mimi nikashindwa. Usidhani sikufurahi. Mkunga anayekubali kwenda Fomboni, mji wa huko Mwali, wakati wenzake wanagombania Dar es Salaam, hilo nimelitangaza mpaka sokoni.

Watu wananiuliza juu ya ile ndege ndogo iliyoanguka baharini Februari 2022 ikitoka Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwenda huko huko Mwali. Hiyo nimemwachia Mungu. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Katiba yao ya 2018 imeutaja Uislamu wa Sunni kuwa dini ya dola, na kumhubiria Mwislamu dini nyingine ni kosa la kufungwa. Wewe mgeni watakupandisha ndege, urudi Njombe nikupikie ugali. Aliyekusikiliza atabaki kisiwani, aanze kukwepwa na ndugu zake msikitini na sokoni. Mfikirie huyo, Neema, kabla hujafungua mdomo. Una mdomo mwepesi, na mchungaji alipokusifu kwa hilo mbele ya watu mimi niliinamisha kichwa.

Akikuuliza mwenyewe unamwamini nani, mjibu, usimfiche. Ila usimvizie mtu akiwa na uchungu wa kujifungua. Mshike mkono kwa sababu anaumia, asije akadhani mkono huo una bei.

Kikundi chetu kinawaombea Waislamu wa huko kama watu waliopotea, na mimi niliomba hivyo miaka mingi. Siku hizi saa kumi alfajiri nawaombea meli ya mchele ifike, wavuvi wao warudi, wajawazito wavuke salama. Mengine Mungu anayajua kuliko mimi.

Kabla ya kuondoka pitia Tanga kwa mama yako mdogo. Alipoolewa na Mwislamu sikwenda harusini, na kwa miaka tisa sikukanyaga kwake. Bibi yako alipofia mjini, huyo huyo shemeji ndiye aliyekodi gari la kumleta nyumbani, akasimama kaburini mpaka udongo ukaisha. Sijamwambia neno mpaka leo. Mpelekee viazi, mwambie vimetoka kwangu. Amefanya kazi na Wangazija, watu wa huko Komoro, atakufundisha mengi. Mama mdogo anasema wao wakisema marahaba wanashukuru, usikae ukidhani wameitikia shikamoo yako.

Nasema tena, ukirudishwa wewe tutakupokea. Yule mwingine hatapokelewa na mtu.

Viazi tumepata magunia kumi na moja, bei mbovu. Ng'ombe amezaa dume, baba yako amenuna. Lile sweta la bluu mwachie mdogo wako, kule joto. Chandarua nimekununulia, kipo juu ya kabati. Ukija Jumamosi niletee magunia mawili matupu, ya hapa yameliwa na panya.

Mama yako