Mwandishi wenu ashuke mnarani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa safari. Anasema mgeni akifika katika jiji kubwa apande kwanza mnara mrefu kuliko yote, kisha basi la watalii lisilo na paa, na kwamba kuzunguka kwa mashua ni starehe ya wapenzi na ya wazee wenye muda wa kupoteza. Mimi ni mzee, na muda ninao. Hayo mengine sikubaliani nayo.

Juu ya mnara unaona nini? Mapaa. Matangi ya maji, mashine za viyoyozi na barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Hiyo ni ramani, tena isiyo na majina. Ndani ya basi nako, jengo la mbele limekukaribia mpaka shingo inauma, na la nyuma yake halionekani kabisa. Majini ndiko unakoweza kurudi nyuma hatua mia mbili ulitazame jengo zima, msingi hadi kilele, bila kugongwa na gari. Mto au ghuba ndio uwanja mpana uliobaki wazi katikati ya mji, kwa sababu si rahisi kujenga juu yake. (Hong Kong wamejitahidi: bandari imefukiwa kidogo kidogo hata Star Ferry, inayovusha watu tangu 1888, siku hizi ina maji machache ya kuvuka kuliko zamani.)

Lakini hoja yangu hasa si mandhari. Miji mingi mikubwa ilizaliwa na maji na uso wake ukaelekezwa huko, kwa hiyo anayeingia kwa gari kutoka uwanja wa ndege anaingilia mlango wa uani. Pita nyuma ya majumba ya Mfereji Mkuu wa Venice kwa miguu: vichochoro na kuta za kawaida. Yatazame kutoka majini, utaona nakshi, nguzo na ngazi zinazoshuka hadi kwenye maji, maana mgeni wa heshima alikuja kwa mashua. Istanbul ni vivyo hivyo. Jumba la Dolmabahçe, lililokamilika 1856, lina malango yanayofungukia mlango-bahari wa Bosporasi wenyewe. Kutoka barabarani unaona ukuta mrefu na foleni ya watu. Kutoka kwenye feri unaona jumba.

London inafundisha zaidi, kwa sababu ilibadili mawazo. Karibu na mto Thames, ndani ya bustani, lipo lango la mawe lililojengwa miaka ya 1620. Matajiri walilitumia kushukia mashuani. Leo limesimama peke yake kwenye majani, zaidi ya mita mia moja kutoka mtoni, halina linapokwenda wala linapotoka. Mto haukuhama; watu ndio waliousogeza. Kiangazi cha 1858 uvundo wa maji machafu ulizidi hata wabunge wakashindwa kukaa kwenye jengo lao la ukingoni. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya majitaka, na sehemu ya mifereji hiyo ikapitishwa ndani ya ukuta mpya uliojengwa ndani zaidi mtoni, na nyuma yake pakafukiwa. Ukuta huo, Victoria Embankment, ulifunguliwa 1870, na chini yake ikapita pia reli ya chini ya ardhi. Afya ikapatikana, lango likabaki nchi kavu.

Basi halitakuonyesha hayo. Ukiwa mashuani unauona ukuta wenyewe, na ukipita maji yakiwa yamekupwa unaona ule mstari wa ukijani unaoonyesha yalikofika yalipojaa. Pale London tofauti ya kujaa na kupwa hufikia kama mita 7. Utapishana pia na matishari yanayovutwa yakiwa yamebeba makontena ya takataka za jiji. Si picha ya kutuma nyumbani, lakini mji unaoficha takataka zake barabarani unazipitisha mchana kweupe mtoni.

Chicago nao waliugeuza mto wao mwaka 1900 utiririke kinyume, uchafu usiingie katika Ziwa Michigan wanakochota maji ya kunywa. Unapopita kati ya yale majengo marefu yaliyosimama kama kuta za korongo, kumbuka kwamba maji yaliyokubeba yanakwenda yasikokusudiwa.

Sisemi kila mashua inafaa. Niliwahi kulipia moja yenye paa la kioo, katika mji ambao sitautaja. Kioo kiliingia ukungu kwa pumzi zetu, na sauti ya kurekodiwa ilichelewa: tulikuwa chini ya daraja yenyewe ikisifia kanisa tulilokwisha kulipita. Tangu siku hiyo nauliza kwanza wenyeji wanavukia wapi, nami napanda hiyo hiyo wanayopanda wao. Haisimami kukuonyesha kitu wala haina maelezo, na ina watu wanaosinzia na mifuko yao mapajani. Hao nao ni sehemu ya mji.

Kama mwandishi wenu atafika New York, aende kusini kabisa mwa Manhattan apande feri ya Staten Island. Ni kama dakika 25, usiku na mchana, na tangu 1997 haina nauli, kwa hiyo kisingizio hana. Wakati wa kwenda asimame upande wa kulia, ndiko ilipo Sanamu ya Uhuru. Ataiona kama ilivyokusudiwa kuonekana, kwa maana imewageuzia uso wanaoingia kwa meli. Akifika ng'ambo atatakiwa kushuka na kupanda upya. Asikasirike, ndiyo taratibu. Kurudi asubiri jua linapokaribia kuzama, akae omo, nje, Manhattan iwe inamjia. Na achukue koti, maana upepo wa pale haubembelezi mtu.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi