Kabla hujauza marudio: jiwe la bluu na dhahabu inayobaki kwenye mchanga wako

Mama mmoja wa hapa Busia, Uganda, alitushushia kinuni kwetu magunia sita ya mawe ya dhahabu akiwa amekata tamaa. Shimo lake lilikuwa limemlisha miaka miwili. Kila gunia la mawe mekundu lilimpa pointi tano za dhahabu, mara nyingine sita (pointi kumi ni gramu moja). Kisha wachimbaji wakafika kwenye maji, jiwe likageuka kijivu cha kuelekea bluu, limejaa vimeta. Wote walifurahi kuona vile vimeta. Walipoosha, gunia likatoa pointi moja na nusu. Akaongeza zebaki, mambo yakazidi kuharibika. Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba mchanga uliobaki alikuwa ameshauuza kwa mnunuzi wa marudio, yaani mchanga uliokwisha sagwa na kuoshwa, kwa bei ya kujaza lori, bila mtu yeyote kuupima.

Swali lake tunaulizwa karibu kila wiki hapa kinuni: je, shimo limekufa? Mara nyingi halijafa. Jiwe ndilo limebadilika, na njia ya kulisaga na kuliosha imebaki ile ile.

Dhahabu ya huku kwetu, iliyoanza kuchimbwa tangu miaka ya 1930, hukaa kwenye mishipa ya jiwe jeupe pamoja na pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya njano. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa zimekuwa zikiiozesha pairaiti hiyo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Imekuwa kutu, ndiyo maana mawe ya juu ni mekundu na laini. Pairaiti ilipooza, dhahabu iliyofichwa ndani yake ikabaki huru. Ukisaga kidogo na kuosha, unaiona. Lakini chini ya maji hewa haifiki. Pairaiti iko nzima, ngumu, na chembe nyingi za dhahabu zingali zimefungiwa ndani yake. Zebaki hukamata dhahabu inayoigusa tu. Ile iliyo ndani ya chembe ya pairaiti haiguswi hata ukimimina chupa nzima. Tena madini ya salfa huichafua zebaki yenyewe: inavunjika vipande vidogo mno kama unga wa kijivu, vinakataa kuungana, vinaondoka na maji vikiwa vimebeba hata ile dhahabu kidogo iliyokwisha kamatwa. Ndicho kilichompata mama yetu.

Jambo hili si geni duniani, wala haliwapati wachimbaji wadogo peke yao. Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1880 migodi mikubwa ilikumbwa na hali hiyo hiyo. Mawe ya juu yalipokwisha na mashimo yakaingia kwenye pairaiti, sahani za shaba zilizopakwa zebaki zilianza kupitwa na dhahabu, na watu wenye fedha wakaanza kuondoka. Kilichookoa eneo lile ni njia ya sayanidi, iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, ikafika Johannesburg mwaka 1890. Maji yenye sayanidi kidogo na hewa huyeyusha dhahabu ndogo isiyoonekana kwa macho, kisha ikatolewa tena kwenye maji yale. Marundo ya mchanga yaliyokuwa yametupwa yakawa mali.

Sasa fikiria mnunuzi anayekuja na lori kuchukua marudio yako. Anajua hesabu ambayo wewe hukuambiwa. Chukua mfano wa jiwe lenye gramu 10 za dhahabu kwa tani. Gunia la kilo 50 lina nusu gramu, yaani pointi tano. Ukipata pointi mbili, tatu ziko kwenye mchanga. Magunia ishirini ni tani moja, na humo umeacha gramu 6. Yeye atauloweka mchanga huo kwenye matangi ya sayanidi na kuitoa sehemu kubwa ya hizo gramu. Hatusemi ni mwizi. Ana gharama zake, na kazi yake inahitaji kibali na ujuzi. Tunachosema ni kwamba bei ya lori si bei ya dhahabu, na wewe unayeuza una haki ya kujua unauza nini.

Hapa Uganda tunao ushahidi mkubwa wa jambo hili, uko Kasese. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika kule. Jiwe lilisagwa laini, likatiwa kwenye matangi ya povu: dawa hufanya chembe za shaba zishikamane na mapovu, zikaelea juu na kukusanywa, mengine yakazama. Shaba hiyo ilisafiri kwa treni hadi tanuru la Jinja. Lakini pairaiti ya Kilembe ilibeba kobalti, zaidi kidogo ya asilimia 1, na wakati ule hapakuwa na njia ya kuitoa yenye faida. Ikarundikwa. Mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lundo likabaki kwenye mvua, likitiririsha tindikali hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua majani yote njiani. Mwaka 1999 kiwanda kikaanza kulichakata lundo lile kwa bakteria. Ni viumbe wadogo sana wanaoishi kwa kuozesha chuma na salfa: wanafanya kwa siku chache kazi ile ile ambayo mvua imeifanya kwenye mawe yetu mekundu kwa zama nyingi. Pairaiti ikavunjika, kobalti ikaingia kwenye maji, ikauzwa nje. Kwa miaka zaidi ya arobaini lile lundo lilikuwa linaitwa taka.

Kwetu huduma inaanza na kipimo, kabla ya kusaga hata gunia moja. Tunajua mteja ana haraka, vijana wa shimo wanasubiri posho. Hata hivyo tunaomba subira, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea. Usituchagulie jiwe zuri. Tunachukua kidogo kutoka kila gunia, tunaponda, tunachanganya, tunamwaga kama kichuguu, tunagawa mafungu manne, tunatupa mawili yanayotazamana, tunachanganya tena. Tunarudia hadi ibaki kilo moja au mbili. Jiwe moja lenye dhahabu likiingia kwa upendeleo linaweza kukudanganya mwezi mzima.

Sehemu ya sampuli inaenda maabara kupimwa kwa moto: inayeyushwa pamoja na madini ya risasi, risasi inabeba dhahabu yote, kisha risasi inanyonywa na kikombe maalumu ndani ya tanuru na kuacha tone la kupimwa. Sehemu nyingine tunaisaga hapa mara tatu kwa viwango tofauti vya ulaini na kuiosha mbele yako kwa karai. Kama dhahabu inaongezeka tukisaga laini zaidi, tatizo lilikuwa kusaga. Kama haiongezeki na maabara inasema ipo, basi imefungwa ndani ya pairaiti, na hapo tunakuambia wazi kwamba maji na karai havitaitoa. Utaihifadhi pairaiti yako kwenye magunia, uiuze kwa kipimo.

Kusaga nako kuna busara yake. Wapo wanaodhani kinu kikizunguka usiku kucha ndipo dhahabu itatoka yote. Dhahabu ni laini. Ukiigonga sana inakuwa bapa kama gamba la samaki, inaelea na kwenda na maji. Sisi tunasaga kidogo, tunapitisha kwenye ubao wenye zulia tuchukue iliyo huru, ndipo tunarudisha mchanga kinuni kwa mara ya pili. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, jiwe jeupe halifiki hata mara 3. Tofauti hiyo inatosha kufanya kazi kubwa ukiipa nafasi.

Kuhusu zebaki, tumeiacha kabisa, na hatutaisagia kwenye vinu vyetu. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa mataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019, lakini sababu yetu ya kwanza ni watoto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Ukiichoma kwenye jiko la jikoni, mvuke wake unaingia kwenye mapafu ya kila aliye nyumbani, na mimba haikingwi. Sababu ya pili inagusa mfuko wako: marudio yenye zebaki yakitiwa sayanidi, zebaki inayeyuka nayo, inachafua dhahabu, na ikivuja inafika kwenye mito na Ziwa Victoria. Kwa hiyo mchanga safi una thamani kubwa zaidi. Mchanga mzito wa mwisho tunauyeyusha kwa boraksi, inayofanya uchafu uyeyuke mapema na kuelea huku dhahabu ikizama chini ya chungu. Boraksi inahitaji mchanga uliooshwa vizuri sana, kwa hiyo tutauosha tena na tena kwa karai, na hilo linachukua muda.

Ukija, leta mawe yakiwa makavu. Magunia ya jiwe jekundu na ya jiwe la bluu yafungwe mbalimbali, kila moja likiwa na alama ya shimo na kina. Kama una marudio ya zamani, usilete yote. Chota ndoo moja kwa kuchimba juu, katikati na chini ya lundo, utuambie kama yaliguswa na zebaki. Mama yule sasa ana lundo lake jipya nyuma ya nyumba, amelifunika kwa turubai, na karatasi ya kipimo ameiweka pamoja na vitambulisho vyake.